Sista Anajibu: Ganzi ya miguu haiji na sukari peke yake

Barua za mwezi huu nyingi ni za miguu: miguu inayowaka, miguu iliyokufa ganzi, miguu inayoyumba. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua iko kwenye nyumba nyingi, kutoka Busia hadi hapa kwetu Nakuru.

SWALI: Sista, salamu kutoka Ahero. Mume wangu ana miaka 58. Ana sukari kwa zaidi ya miaka kumi sasa na humeza metformini asubuhi na jioni. Tangu mwaka jana vidole vya miguu vimekufa ganzi, na sasa ganzi imepanda hadi kwenye vifundo. Usiku anasema anadungwadungwa na sindano. Juzi tukitoka shambani patipati ilimtoka mguuni akaendelea kutembea, hana habari, mpaka nikamwita. Kliniki walisema ni sukari, avumilie. Kwenye kemisti hudungwa sindano ya neva, anapata nafuu siku chache kisha tunarudi pale pale. Walimpa pia vidonge vya kuongeza damu. Nyama, samaki na hata omena aliacha, marafiki walimwambia mwenye sukari hafai kula. Ana pia dawa ya vidonda vya tumbo anayomeza kila siku, ni mwaka wa nne. Shemeji zangu wanasema ni chira, laana ya kuvunja mila. Nifanye nini?
*Mama watoto, Ahero*

JIBU: Mama, pole sana, na asante kwa kuandika kila kitu, hata habari ya omena. Hiyo ndiyo sentensi niliyorudia kuisoma.

Ni kweli sukari huharibu neva za miguu, na huenda imeharibu za mzee. Lakini mwenye sukari hakuzuiwa kupata ugonjwa wa pili. Mume wako ana mambo matatu, na yote yanaelekea mahali pamoja: upungufu wa vitamini B12. Metformini ikitumiwa miaka mingi hupunguza B12 inayoingia mwilini. Dawa ya vidonda inayokausha asidi ya tumbo, nayo ikimezwa miaka, hufanya vivyo hivyo. Na vyakula vyenyewe vinavyoleta B12 ameviacha.

Nieleze kidogo njia inayopita. B12 huja ndani ya nyama, samaki, mayai na maziwa ikiwa imeshikana na protini. Asidi ya tumbo ndiyo huibandua. Kisha tumbo hutoa protini yake maalumu ya kuibeba mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, na hapo ndipo huingia kwenye damu. Dawa ya vidonda huvuruga mwanzo wa safari hiyo, metformini huvuruga mwisho wake. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa. Kwa hiyo aliyeacha nyama leo miguu yake haitalalamika kesho, na siku itakapolalamika hakuna anayekumbuka aliacha nini na lini.

Akiba ikiisha, kinachoumia ni ule utando wa mafuta unaozunguka neva, unaofanya ujumbe kutoka mguuni upande mbio hadi kichwani. Ujumbe hufika umechelewa, au umevurugika ukawa kuchomachoma, au haufiki. Sehemu ya nyuma ya uti wa mgongo nayo huathirika, ile inayomjulisha mtu mguu wake uko wapi bila kuutazama.

Kliniki nilikuwa na uma wa chuma wa kupimia jambo hili. Unaugonga, unaanza kutetemeka, unaweka kitako chake juu ya mfupa wa kidole gumba cha mguu, na mgonjwa aliyefumba macho anakuambia mtetemo umeisha lini. Mzee mmoja wa upande wa Nyando aliniambia, "Umeisha, Sista," na mimi, kidole changu kikiwa chini ya kidole chake, bado nausikia ukivuma. Nikamwambia asimame, miguu pamoja, afumbe macho tena. Aliyumba nikamdaka. Mkewe akasema, "Ndiyo maana huwa anaanguka akinawa uso!" Mwangalie mume wako vivyo hivyo. Je, huyumba akinawa uso, au akienda choo usiku bila tochi? Ulimi wake umekuwa mwekundu, laini na wenye kuuma? Anasahau kuliko zamani, au amekuwa mtu wa huzuni? Yote hayo mwambie daktari, hata asipouliza.

Sasa la kufanya. Mpeleke hospitali akapimwe kiwango cha B12 kwenye damu, na damu itolewe *kabla* ya sindano nyingine ya kemisti. Zile sindano za neva mara nyingi ni mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Maji yake huwa mekundu kwa sababu B12 yenyewe ni nyekundu. Akidungwa leo na kupimwa kesho, karatasi itaonyesha kiwango kizuri na daktari atadanganyika. Waambie pia wazi kwamba amekuwa akidungwa, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Si kila hospitali ina kipimo hiki. Pengine damu itatumwa maabara kubwa Kisumu au Nairobi, mkasubiri. Kikishindikana, mweleze daktari mambo yale matatu uliyoniandikia. Daktari akiona dalili zinatosha anaweza kuanza matibabu, kwa maana B12 ya ziada mwili huitoa kwenye mkojo.

Vile vidonge vya kuongeza damu vinanipa wasiwasi. Soma pakiti. Kama ni foliki, yaani vitamini B9, asiendelee navyo peke yake kabla B12 haijajulikana. Foliki inaweza kurekebisha damu, mgonjwa akapata rangi na nguvu, kila mtu akafurahi, na huku neva zinaendelea kuharibika chini kwa chini. Na mtu akikuambia "damu yake ni nzuri, kwa hiyo si B12", usikubali haraka. Neva zinaweza kuumia na himoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, ikiwa sawa kabisa.

Metformini asiiache. Narudia, asiiache, sukari ikipanda miguu itaumia zaidi. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na inalinda watu wengi. Ila anayeitumia apimwe B12. Mwaka 2022 taasisi inayosimamia dawa Uingereza iliwashauri madaktari wampime B12 mgonjwa yeyote wa metformini mwenye dalili kama hizi. Dawa ya vidonda muulize daktari kama bado anaihitaji. Mara nyingi huandikwa kwa wiki chache, kisha hakuna anayekumbuka kuisimamisha.

Ikiwa B12 iko chini, atapewa sindano za B12 kwa mpango, za karibu karibu mwanzoni kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Mpango huo si sawa na kudungwa siku ukipata pesa ya kemisti. Nafuu huja kwa wiki na miezi. Wengine kuchomachoma huzidi kidogo mwanzoni, msikate tamaa. Neva zilizoharibika muda mrefu huenda zisirudi zote, ndiyo sababu sitaki mngoje likizo ya Desemba. Na ikiwa B12 iko sawa, mtakuwa mmejua, na daktari atatafuta kwingine: figo, dundumio (tezi ya shingoni), virusi vya UKIMWI, pombe. Hata ikibaki kuwa sukari tu, "avumilie" si matibabu. Kuna dawa za kutuliza maumivu ya neva, na sukari yenyewe inaweza kudhibitiwa vizuri zaidi.

Omena irudi mezani. Nani aliwaambia samaki ni adui wa sukari? Mwenye sukari hupimiwa ugali, hupunguziwa chapati na soda. Omena, mbuta, ngege, yai na maziwa yasiyotiwa sukari ni chakula chake. Gilasi moja ya maziwa humpa karibu nusu ya B12 ya siku, na kipande kidogo cha maini kinapita haja ya siku nyingi. Mboga za osuga na mrenda msiache, zina mema yake, ila B12 hazina. Lakini ikiwa tayari ameishiwa, chakula hakitatosha kuokoa neva kwa haraka. Sindano kwanza, omena pamoja nayo.

Patipati kumtoka bila kujua ni ishara kubwa. Asitembee miguu mitupu hata ndani ya nyumba. Kila jioni mkague nyayo na katikati ya vidole, wewe mwenyewe, kwa taa. Maji ya kuoga uyapime wewe kwa kiwiko. Na asiote miguu kwenye jiko. Hapa Nakuru baridi ya Julai imeniletea watu wenye malengelenge kwenye nyayo ambao hawakusikia moto mpaka waliponusa. Wapo waliopoteza vidole kwa njia hiyo.

Kuhusu chira sitabishana na shemeji zako. Ya mila mtayakalisha nyumbani na wazee. Damu ipelekwe maabara wiki hii. Na ikitokea miguu inalegea kwa siku chache tu, au mkojo unashindikana kuzuilika, msingoje kliniki, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Sista, mimi na mume wangu tuliacha nyama, mayai na maziwa miaka minne iliyopita kwa imani yetu, na tuna afya. Nina mtoto wa miezi saba, ananyonya vizuri. Mama mkwe anasema mtoto amepoa sana, alikuwa akikaa sasa haketi. Ni uvivu tu?
*Mama wa kwanza, Lanet, Nakuru*

JIBU: Mwanangu, mpeleke leo. Usingoje kliniki ya chanjo.

Mtoto akishajua kukaa hasahau hivi hivi. Akipoteza kitu alichokuwa amekijua, ni jambo la daktari, na mama mkwe ameona vizuri. Mama asiyekula chochote cha mnyama na asiyemeza B12 anaweza kujisikia mzima kwa akiba ya ini lake, huku maziwa yake yakiwa na B12 haba. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo. Baada ya miezi kadhaa anapoa, hachekicheki, anakataa chakula, anarudi nyuma. Ubongo wake ndio kwanza unajengwa, kwa hiyo kila wiki ina maana. Daktari atachunguza na mambo mengine, lakini mwambie sentensi hii mlangoni: "Mimi sili nyama, mayai wala maziwa, na namnyonyesha." Mpimwe nyote wawili.

Imani yako siigusi, na wala huhitaji kuiacha. Vidonge vya B12 vipo, na hiyo si hiari kwa mtu wa chakula chako, ni lazima, wewe na mumeo. Maharagwe, karanga, mchicha na wimbi havitaijaza nafasi hiyo. Unga wa mahindi wa pakiti hapa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2012, huongezwa madini na vitamini, B12 ikiwemo, lakini ule unaosaga mwenyewe kwenye posho mill hauna nyongeza hiyo, na hata wa pakiti usiutegemee peke yake.

SWALI: Baba yangu ni mtu wa chang'aa. Siku hizi hali chakula, anatembea miguu mbali mbali kama mtu wa kwenye mashua, na tangu jana anasema anaona watu wawili wawili na anachanganya majina yetu. Akilala itapoa?
*Kijana, Webuye*

JIBU: Haitapoa kwa kulala. Kuyumba, macho kuona vitu viwili na akili kuchanganyikiwa, kwa mtu wa pombe asiyekula, ni dharura. Huenda ameishiwa B1, ambayo akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Chang'aa imekenekwa, haina vitamini hata kidogo, na pombe yenyewe huzuia B1 kuingia. Mpeleke hospitali sasa, useme wazi kuhusu pombe bila kumfichia aibu, ili apewe B1 ya sindano mapema. Wakitaka kumtundikia maji ya glukosi, waulize kwa heshima kama B1 imeshatolewa, kwa kuwa sukari huila B1 kidogo iliyobaki. Mholanzi Christiaan Eijkman aliwaona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa, ambao B1 yake huondoka na pumba, wakipooza miguu kule Java, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Tangu hapo tunajua ukosefu huu unatibika, mradi mgonjwa afike mapema.

SWALI: Nimeanzishiwa isoniazidi ya kuzuia TB. Walinipa na kidonge kidogo cha B6, lakini mwezi huu kwenye dirisha la dawa waliniambia kimeisha. Nyayo zimeanza kuwaka. Rafiki ameniuzia vidonge vya neva vyenye B6 nyingi, nimeze viwili viwili?
*Msomaji, Kakamega*

JIBU: Usimeze viwili viwili. Isoniazidi humaliza B6 mwilini, na ukosefu wake huwasha nyayo. Ndiyo maana ulipewa kile kidonge kidogo, mara nyingi cha miligramu 25 kwa siku. Lakini B6 ikizidi sana, mamia ya miligramu kila siku kwa muda mrefu, nayo huua neva, kwa dalili zile zile unazozikimbia. Soma pakiti ya rafiki yako, utaona namba yenyewe.

Isoniazidi usiiache bila kuongea nao. Rudi kliniki kesho, uwaambie nyayo zinawaka, wakupime na wakuandikie B6 ya kiwango chako. Ikiwa haipo dirishani, omba karatasi yenye jina na miligramu, ununue kemisti dawa hiyo hiyo iliyoandikwa. Na mwezi ujao, kabla hujaondoka dirishani, fungua bahasha uhesabu kama aina zote mbili za vidonge zimo.