Rafiki wa kalamu: kinachoifikisha barua, na kinachomfanya mwenzake ajibu

Mtoto wa darasa la tano kule Temeke akiandika kwa Kiingereza kwamba anaamka saa 11, mwenzake wa Ujerumani ataelewa anaamka chakula cha mchana kikikaribia. Mtoto alimaanisha saa kumi na moja alfajiri, na kwamba saa kumi na mbili yuko kituoni anagombea daladala. Mwambie aeleze: kwetu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja asubuhi kwetu ni saa 7 kwao. Maelezo ya aina hii ndiyo barua yenyewe.

Vivyo hivyo kwa undugu. Baba mdogo abaki "baba mdogo", kisha aeleze kuwa ni mdogo wake baba. Na zile salamu za "mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako" ni nzuri mno, ila zikitafsiriwa neno kwa neno zinamtia mtoto wa watu wasiwasi. Aziandike kwa Kiswahili, mstari mmoja, na chini yake maana.

Baada ya hapo achague jambo moja aliloliona kwa macho: muuza mihogo wa Coco Beach anavyopasua muhogo wa moto na kuupaka pilipili, au barabara ya kwao inavyokuwa wakati wa masika. Moja tu. Barua ya "napenda wali, napenda mpira, napenda bluu" haina la kujibiwa, na urafiki mwingi wa kalamu hufia hapo, kwenye barua ya pili. Amalizie kwa maswali mawili yasiyojibika kwa ndiyo au hapana: "Shuleni kwenu nani anapika, na mnakula mmekaa wapi?"

Kwa Mjapani, jina la mtu lisiandikwe kwa wino mwekundu. Kwao ni kukosa adabu.

Sasa bahasha. Karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya fotokopi, ina gramu 5. Kiwango cha kwanza cha uzito wa barua katika posta nyingi duniani ni gramu 20, hivyo karatasi mbili na bahasha nyepesi hazina shida. Ukiongeza ya tatu na picha, barua ipimwe kaunta kabla ya kununua stempu. Mchoro au picha ni sawa. Bangili, pipi au kipande cha kitenge huigeuza barua kuwa mzigo wenye bidhaa, nayo hudai fomu ya forodha, CN 22. Mbegu na noti za fedha zisiingie kabisa.

Jina la nchi liandikwe mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa: GERMANY, si Ujerumani. Nyuma ya bahasha, kwenye anwani ya mtoto anayetuma, iwe P.O. Box badala ya S.L.P., na mstari wa mwisho TANZANIA, ambao watoto wengi huusahau. Unyevunyevu wa Dar hugandisha bahasha za gundi zikiwa bado tupu kabatini. Zitenganishe kwa vipande vya karatasi ya nailoni.

Tumieni sanduku la shule, si la nyumbani, na namba ya simu isiandikwe. Kabla ya kuanza, ulizeni kama ada ya mwaka ya sanduku imelipwa, na nani huchukua barua. Barua isiyo na jina la mtoto na darasa lake hubaki kwenye droo ya ofisi hadi muhula unaisha, huku mtoto akiamini ametupwa. Hilo linaumiza kuliko barua kupotea njiani.

Barua huchukua wiki kadhaa, na wenzetu wa Ulaya wako likizo Julai na Agosti, kwa hiyo ukimya wa miezi hiyo usimkatishe tamaa. Aandike namba juu ya kila barua, "Barua ya 3", na ipigwe picha kabla ya kufungwa. Jibu likija linauliza "yule paka alizaa?", mtoto ajue anaulizwa paka yupi.