Simu ya mapokezi inakwaruza: anza na waya wa mkonga
Ndugu, kama ni simu ya mapokezi tu inayokwaruza tangu mvua zianze na nyingine ziko shwari, usikimbilie kununua swichibodi mpya (mtambo unaounganisha simu zote za ofisi). Tikisa ule waya wa kujikunja wa mkonga, yaani kile kipande unachoweka sikioni. Ukisikia krr-krr, mchawi ni huyo, badilisha. Waya ukiwa mzima, hamishia simu kwenye soketi ya jirani. Kelele ikiifuata, simu ni mbovu; isipoifuata, kagua soketi na viungo vya waya. Kwetu nilifungua kisanduku cha ukutani nikakuta shaba imeota kutu ya kijani, na sisimizi wameshahamia! Nilikata ncha, nikaunga upya, kimya. Ila usishike waya mtupu: simu ikiita, umeme hufika karibu volti 90, utaruka.