Njuga, Paka na Lile Kasha

SWALI: Nimeitazama "Belle de jour" ya Luis Buñuel (1967). Séverine, mke wa daktari mpasuaji wa Paris, anafanya kazi kwa siri kwenye danguro la Madame Anaïs, saa 8 mchana hadi saa 11 jioni. Mwishoni mumewe Pierre, aliyepooza, anainuka kitini na kujimiminia kinywaji. Amepona au mke anaota? Na ndani ya kasha la yule mteja wa Asia mna nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Irudie, ila safari hii tega sikio. Ukingoja jicho likuonyeshe ndoto inapoanzia utangoja sana: hakuna ukungu, rangi haibadiliki, picha inakatwa kavukavu. Muziki wa kusindikiza nao haumo, kwa hiyo kila mlio unaousikia umewekwa kwa makusudi. Tafuta nakala yenye sauti ya Kifaransa na maandishi chini. Iliyoingizwa sauti nyingine huenda ikafukia njuga, na njuga ndizo ufunguo.

Zinalia tangu mwanzo, kwenye gari la farasi, Séverine akimsihi Pierre asiwafungulie paka. Dakika chache baadaye wako chumbani, mume anamuuliza anawaza nini. Kumbe ilikuwa ndoto! Kwenye ndoto nyingine, Séverine anaporushiwa tope uwanjani, zinarudi kama kengele za ng'ombe; hapo Husson, rafiki wa familia, anaulizwa saa ngapi, naye anajibu: kati ya saa 8 na saa 11. Ndotoni Séverine bado yuko zamu.

Ila usiufanye ufunguo huo sheria. Yule Mwasia analitikisa kengele lake dogo ndani ya danguro lenyewe, mahali tulipodhani ni kweli tupu. Kwa Duke, yule mteja mwenye cheo cha kikabaila anayemlaza Séverine jenezani, vinakutana vyote, gari la farasi na mtumishi anayeuliza habari za paka, lakini Séverine anatupwa nje kwenye mvua kama kibarua aliyemaliza kazi. Kipande hicho hakikai upande wowote, na hata ukirudia mara kumi hakitakaa.

Mwisho umejengwa vivyo hivyo. Husson ametoka kumweleza Pierre kila kitu. Machozi yanamtiririka Pierre, mkono wake umelegea. Kisha njuga, paka wanalia, miwani myeusi inavuliwa, mtu anasimama na kuuliza swali lilelile la mwanzo: unawaza nini? Nje gari la farasi linapita tupu. Kwa masikio yetu, kupona ni ndoto ya Séverine. Lakini machozi yale yalikuja kabla ya njuga, na hayo hayafutiki.

Kuhusu kasha: tunasikia mvumo kama wa mdudu, basi. Buñuel aliulizwa mara zisizohesabika, akajibu kuwa ndani mna chochote unachotaka wewe. Mwanamke wa kwanza wa danguro anamkataa mteja huyo, Séverine anakubali. Mteja akishaondoka, mtumishi Pallas anaingia kumpa pole. Séverine amelala kifudifudi, nywele zimemfunika. Anainua kichwa, uso umejaa raha: wewe Pallas unajua nini? Kasha lilikuwa la uso ule.