Kizuka, machozi na sikukuu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nipo Wete, Pemba. Mume wangu alifariki mwanzoni mwa Rajabu. Sikukuu ya Mfunguo Mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, ndiyo hiyo inaingia, nami silali, nalia tu. Mawifi wanasema kulia siku ya Idi ni kuikataa kadari, na mwenye imani hategemei vidonge vya hospitali kama hivi vyangu vya sonona. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mungu amrehemu mumeo.

Machozi si dhambi, Idi wala siku nyengine. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Lililokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Siku ya Idi ni haramu kufunga. Kucheka hakujafaradhishwa kwa mtu.

Eda, yaani muda mjane anaokaa bila kuolewa wala kujipamba, ni miezi minne na siku kumi kwa asiye na mimba, basi yako itaishia Mfunguo Pili. Sikukuu haiikatishi. Hapa ndipo jamaa wanapokosea kwa nia njema: kizuka (mjane aliye edani) hupakwa hina na wanja, akatiwa asumini, eti achangamke. Yakatae hayo, na chetezo kisipitishwe nguoni mwako. Kuoga, nguo safi isiyo ya pambo na chakula kizuri havina ubaya. Sala ya Idi iswali nyumbani, hata peke yako: rakaa mbili, takbira saba baada ya ile ya kuhirimia, na tano rakaa ya pili, wakati wake ni tangu jua kuchomoza mpaka kabla ya adhuhuri. Wageni wapokewe na mwengine, wewe toka chumbani uwasalimie ukiweza. Mkono wa Idi kwa watoto ni ada tu; usiukopee.

Vidonge usiviache. Mtume ametuamrisha tujitibu, na dawa za sonona zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na kukosa usingizi, na maradhi yakaweza kurudi. Ikiwa ulizihamishia futari au daku, muulize daktari namna ya kuzirudisha. Usingizi uliopinduka Ramadhani urudishe kidogo kidogo: tangulia kulala nusu saa kila baada ya siku mbili tatu, na kahawa isinywewe baada ya alasiri. Bibi Aisha alikuwa akihimiza uji wa shayiri kwa wafiwa, kwani huutuliza moyo. Unywe, lakini usiuweke mahali pa dawa.

Kwenda hospitali mchana hakuvunji eda. Na zikikujia fikra za kujiua, usingoje kuche wala sikukuu ipite: mwamshe mtu wa nyumbani akupeleke usiku huo huo. Hiyo ni dharura, na eda haiizuii. Wallahu aalam.