Jibu: Fonti nene ya mviringo kwa bango la chekechea

Ndugu, umeuliza kama Fredoka, fonti (mtindo wa herufi) nene ya mviringo, inafaa kwa maandishi yote ya bango na fulana za chekechea yenu ya Tabata. Nakushauri uitumie kwenye jina la shule tu. Unene wake na ncha zake za mviringo hulichangamsha jina, nalo husomeka hata na abiria aliye ndani ya daladala, lakini herufi zikipunguzwa ukubwa, matundu ya a na e, ambazo zimejaa katika maneno yetu, huanza kuzibika, hasa zikichapishwa kwenye kitambaa. Namba za simu ziandike kwa fonti nyingine, Nunito, ya unene wa kawaida. Fonti zote mbili hupatikana bure kwenye tovuti ya Google Fonts, na leseni yake inaruhusu matumizi ya kibiashara. Kivuli cha herufi usiweke kabisa.