Mita 18 mlizokubaliana ni hewa ya watu wawili

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina cheti cha mwanzo cha kuzamia, cha mita 18. Jumamosi tulizama upande wa nje wa Fungu Yasini, na botini tulikubaliana tusivuke mita 18. Mwenzangu akaona kasa, akamfuata kwenye ukuta wa mwamba, na mimi nikamfuata yeye. Tukafika mita 26. Mimi nilikuwa na bar 70 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) kwenye mtungi wa lita 12, yeye 60. Kompyuta haikulia na hakuna aliyeumwa, kwa hiyo anasema hatukukosea. Je, ni kweli? Na nilitakiwa nifanye nini?
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Mmekosea, ila kosa lenyewe ni la aina ambayo kompyuta haiwezi kuliona. Kompyuta ya kuzamia husoma kina na dakika, ikakadiria nitrojeni iliyoingia mwilini. Dakika mbili tatu kwenye mita 26 ni kidogo, ndiyo maana ilinyamaza. Haijui mwenzako amebakiwa na nini, wala haijui kwamba akiba yake yeye iko mgongoni mwako.

Tupige hesabu. Tuseme regulata yake, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa, imegoma palepale mita 26, sasa mnavuta wote mtungi wako. Mtu aliyeshtuka tumpe lita 30 kwa dakika, kwa kipimo cha juu ya maji. Wawili ni 60. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza bar 1 juu ya bar 1 ya hewa ya kawaida, kwa hiyo mita 26 ni bar 3.6, yaani kila pumzi hula hewa mara 3.6 ya juu ya maji. Dakika moja tu ya kushikana, kumpa regulata ya akiba na kutulia inakula lita 216. Kupanda hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika huchukua kama dakika mbili na nusu, lita 380 hivi. Kituo cha usalama, yaani kusimama mita 5 kwa dakika 3 ili nitrojeni itoke mwilini, ni lita 270. Mita 5 za mwisho, polepole, lita 75. Jumla inakaribia lita 940. Gawanya kwa 12, ukubwa wa mtungi, upate bar 79 hivi. Wewe ulikuwa na 70.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa mita 18, utapata lita 707 hivi, yaani bar 59. Zile bar 70 zingewatosha wote wawili pale mlipokubaliana. Mita nane za ziada zikawapunguzia.

Mwenzako atasema mngeruka kituo cha usalama. Sawa, si cha lazima mkiwa bado ndani ya muda ambao kompyuta inaruhusu kupanda moja kwa moja, na hewa ikikata hakuna anayekisubiri. Lakini ukipanga kukiruka, umeshakula akiba yako kabla hujaloa. Na ile kauli ya "bar 50" inayosikika botini maana yake ni kufika juu ukiwa nazo, si kuanzia kupanda nazo.

Sasa ulichotakiwa kufanya. Alipovuka 18, ungebaki palepale 18, mwili umelala, macho kwake. Gonga mtungi kwa kitu cha chuma mara tatu nne. Mtu anayefuata kasa haoni mkono, ila sauti ataisikia, ingawa hatajua imetoka upande gani. Akigeuka, mpe kiganja cha "simama", kisha dole gumba juu. Hapa Dar dole gumba ni "poa", na wageni wa kuzama hulitumia hivyo hadi chini ya maji. Huko maana yake ni moja tu: tunapanda. Anayepewa ishara hiyo hajadili, anaijibu kwa ishara hiyohiyo na mnapanda.

Asipogeuka na akapotea machoni, zunguka ukitazama pande zote, chini na juu kwenye mapovu, kwa dakika 1. Baada ya hapo panda kwa mwendo wa kawaida mkutane juu. Kama mtafanya kituo cha usalama mkiwa mmepotezana, amueni botini, la sivyo mmoja atakuwa juu akihangaika huku mwingine ananing'inia mita 5.

Ni tofauti kidogo kama anazama bila kutaka: mikono inapapasa, uso unatazama juu, mapovu mengi. Hata hapo tazama kwanza geji, kipimo cha hewa ya mtungi wako. Ukishuka na bar 70 hadi mita 26, unampelekea hewa isiyotosha kuwarudisha wawili.

Ukuta hudanganya, kwa sababu jicho halina sakafu ya kupimia, na suti ikibanwa na maji uzito unaongezeka bila kuhisi. Weka kengele ya kina kwenye kompyuta iwe mita 16, upate mita mbili za kusimama. Hakikisheni pia zote mbili zimewekwa maji ya chumvi. Moja ikiwa kwenye maji yasiyo na chumvi, mita 18 zitatofautiana kwa nusu mita hivi. Halafu bamvua: maji hupishana zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa, kwa hiyo nahodha akisema "mwamba huu una mita 16", muulize ni maji gani hayo. Kompyuta hupima kuanzia uso wa maji wa saa ile, yake ndiyo mfuate.

Kama mwenzako anataka kina kirefu, njia ipo: kozi inayofuata hufika mita 30. Ila huko akiba ya wawili kwenye mtungi wa lita 12 inakaribia bar 90. Mkianza na 200 mmebakiwa na 110, na anayevuta lita 20 juu ya maji atavuta 80 kwa dakika akiwa mita 30. Hizo ni dakika 16, na kushuka kumo humohumo. Aulizie mtungi wa lita 15.