Shangazi wa Maktaba: Ile pepo ya Mzee wa Mlimani ilikuwapo kweli?

Shikamoo Shangazi. Hapa kijiweni kwetu Temeke tumebishana mpaka watu wamenuniana. Mwenzetu mmoja ameona video inayosema kwamba zamani huko Uajemi kulikuwa na mzee mwenye ngome juu ya mlima. Msafiri kijana akipita anakaribishwa na kuleweshwa, akizinduka yuko peponi: mito ya asali, wasichana, ngoma. Siku zikipita analeweshwa tena na kutupwa nje, kisha anaambiwa, "Ukitaka kurudi, kamuue fulani." Mimi nimesema hiyo ni hadithi. Wao wanasema ni historia, kwa sababu Marco Polo ameandika. Tuamulie.
*Fundi pikipiki, Temeke*

Marahaba mwanangu. Marco Polo ameandika, hilo wape wenzako. Ila hakuandika kuhusu wasafiri. Kwake yeye mzee alikuwa akichukua vijana wa milima ileile, wa miaka 12 hadi 20, waliopenda silaha. Wanaingizwa bustanini wamelala, wanne wanne, sita sita au kumi kumi. Wasafiri wameongezwa na mwenye video, nadhani kwa sababu sisi watazamaji tunapenda kujiona ndio tunaotekwa.

Sasa tuitazame ngome yenyewe, maana hiyo ipo, na magofu yake yanapandwa mpaka leo. Inaitwa Alamut, kwenye milima ya Alborz, kaskazini-mashariki ya mji wa Qazvin, Iran. Mwaka 1090 ilichukuliwa na Hasan Sabbah, kiongozi wa Waismailia, tawi la Waislamu wa Shia, waliokuwa wakipingana na wafalme wa Kiseljuki waliotawala Uajemi wakati huo. Namna alivyoichukua inanipendeza kuliko pepo yote ya Marco Polo. Alitanguliza watu wake mmoja mmoja wakahamia humo kama wakazi, kisha akaingia mwenyewe kwa jina la uongo. Mkuu wa ngome alipogutuka, walinzi wake walikuwa si wake tena. Hasan akamwandikia hundi ya dinari 3,000 za dhahabu, bei ya ngome, akalipwe kwa afisa mmoja wa mjini Damghan. Yule bwana, inasimuliwa, alikaa na kile kikaratasi akidhani amedhihakiwa, mpaka shida zilipombana akakipeleka. Akalipwa zote.

Hasan aliishi mle miaka thelathini na kitu, hadi kifo chake mwaka 1124. Wanahistoria wa Kiajemi wanasema muda wote huo alitoka nyumbani mwake mara mbili tu, na mara zote mbili alipanda darini. Mengine yalikuwa kusoma, kuandika na kufunga. Mtu mmoja alipuliza filimbi ndani ya ngome, akafukuzwa na hakurudishwa tena. Mwanawe mwenyewe alishtakiwa kunywa mvinyo, akamwua. Mwambie mwenye video akuonyeshe, katika nyumba ya mzee wa namna hiyo, mfereji wa mvinyo ulipita wapi na wale wasichana waliimba chumba gani.

Sisemi walikuwa malaika. Walikuwa wachache waliozungukwa na dola kubwa, na badala ya kupeleka jeshi walikuwa wakipeleka mtu mmoja na kisu. Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa Waseljuki, aliuawa mwaka 1092, na kifo chake kimehesabiwa kwao. Aliyetumwa kazi hiyo kwa kawaida hakurudi. Maadui wakajiuliza: mtu mwenye akili timamu anaendaje kufa hivi? Jibu la karibu, kwamba aliamini, liliwakera. Wakaona heri waseme amevuta kitu. Hadithi za Mzee wa Mlimani zikakomaa hasa Shamu (Syria), kwenye ngome za ndugu zao wa huko kama Masyaf. Wapiganaji wa Vita vya Msalaba wakazisikia kwa majirani wasiowapenda Waismailia, wakazibeba hadi Ulaya.

Marco alizaliwa mwaka 1254. Alamut ilisalimu amri kwa jeshi la Wamongolia la Hulagu mwishoni mwa 1256, Marco akiwa mtoto wa miaka miwili huko Venice. Alipoanza safari yake, mwaka 1271, ngome ilikuwa imevunjwa kitambo. Alichokiandika ni cha kusimuliwa. Na hata kuandika hakuandika kwa mkono wake: mwaka 1298 alikuwa mfungwa Genoa, akamsimulia mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa, ambaye kazi yake ilikuwa kutunga hadithi za mashujaa wa farasi na panga. Mpe mtu wa namna hiyo mzee, mlima na ngome, halafu mwombe asiongeze bustani!

Tena bustani yenyewe msomaji wa Kiislamu anaijua. Kwa Marco kuna mifereji ya vitu vinne: mvinyo, maziwa, asali na maji. Fungua Sura ya Muhammad, aya ya 15, utaikuta mito hiyohiyo minne. Marco mwenyewe anasema mzee aliiiga pepo ya Waislamu. Mimi naona walioiga ni wasimulizi.

Shahidi ninayemtegemea zaidi ni adui yao. Anaitwa Juvayni, mwanahistoria wa Kiajemi aliyefuatana na Hulagu. Aliwachukia Waismailia kiasi kwamba hawataji bila kuwalaani. Ngome ilipoanguka aliomba ruhusa aikague maktaba yao maarufu. Akatoa misahafu, vitabu alivyoona vinafaa na vyombo vya kutazamia nyota, vilivyobaki akavichoma, na akayaandika hayo kwa kujisifu. (Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa mkutubi. Nisamehewe nisipomwombea.) Huyu bwana alipita ghalani mle. Anasimulia mabirika yaliyochongwa kwenye mwamba, vyakula vilivyowekwa tangu enzi za Hasan na havijaharibika, hadi mtu aliyeingia kwenye birika la asali bila kupima kina akazama humo. Asali ameiona, basi. Angeona na bustani ya wasichana angekaa kimya? Hiyo ingekuwa zawadi kwake. Hakuandika hata mstari mmoja.

Ukitaka kuwanyamazisha kabisa, waambie watafute kazi za Farhad Daftary, mtafiti wa historia ya Waismailia, ambaye mwaka 1994 alitoa kitabu kizima kinachofuatilia hadithi hizi zilivyozaliwa na nani alimwambia nani. Na waambie hao watu hawakuishia mlimani. Imamu wa Waismailia wa Nizari, ndio hao wa Alamut, leo huitwa Aga Khan, na yule aliyefariki mwaka 2025 alitawazwa hapahapa Dar es Salaam, Oktoba 1957. Jirani yako anayepeleka mgonjwa Hospitali ya Aga Khan anapita getini kwa warithi wa Alamut, na nina hakika hajawahi kukaribishwa asali.

Shangazi, mbona hiyo ngome unayoisema ni Gamboshi tupu? Sisi Usukumani tumekua tukiambiwa kwamba mchana ni kijiji, usiku ni jiji la taa na maghorofa, na mgeni akiingia anakula na kucheza mpaka anasahau kwao. Bibi yangu anaapa. Je, na hiyo ni uongo wa maadui?
*Muuza nguo, Mwanza*

Bibi yako simgombezi kutoka mbali.

Gamboshi ipo wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu. Watu wake wanalima, wanafuga na wanapeleka watoto shule. Wengi wanaoisimulia, hata huko Mwanza kwenu, hawajafika. Tazama inavyosimuliwa: kila mtu ana mjomba wa rafiki yake aliyelala kwenye ghorofa na kuamka kichakani, na hayo maghorofa yanakua kadiri miji yetu inavyokua. Zamani ilitosha kusema kuna ngoma na nyama. Siku hizi nasikia kuna lifti.

Kwa hiyo ndiyo, ninaiweka kapu moja na bustani ya Marco Polo. Zote mbili ni sehemu iliyo mbali kidogo, njia yake mbaya, na watu wake hawaulizwi. Lakini sitaicheka sana, kwa sababu Usukumani maneno ya uchawi hayajaishia kwenye maneno. Wameuawa wanawake wazee kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Ukirudi kwa bibi, mwulize kwa adabu: katika hizo hadithi, anayesemwa kuwa mwenye jiji ni nani? Kisha mwulize kama alikuwa na mtoto wa kumtetea.

Shangazi, mimi ni kijana wa Mombasa, naandika riwaya. Kuna mwovu mwenye jumba. Kila msafiri anayeingia anafungwa ndani ya hadithi yake mwenyewe, na mwovu ndiye anayeiendesha. Mwalimu wangu amesema nimeiga filamu. Nimevunjika moyo. Niache?
*Mwandishi chipukizi, Likoni*

Usiache. Mwalimu wako umwambie filamu nazo zimeiga. Mwaka 1516, mjini Ferrara, Italia, mshairi Ludovico Ariosto alichapisha utenzi mrefu, na mwaka 1532 akautoa tena ukiwa na sehemu 46. Ndani yake kuna mchawi anaitwa Atlante, ambaye ndiye mwovu wako kabisa, ila ana siri moja ambayo nadhani wako hana.

Anajenga jumba. Shujaa akipita njiani anaona mpenzi wake amebebwa na jitu, anapiga mayowe. Anafukuza, jitu linaingia jumbani, naye anaingia. Ndani hamna jitu. Anapanda ngazi, anashuka, anafungua mlango huu na ule. Akikaribia kukata tamaa na kutoka, anasikia sauti ya yule mpenzi dirishani ikimwita kwa jina, anarudi. Ukumbi umejaa mashujaa wanaopishana ngazini, kila mmoja anatafuta chake, huyu mwanamke, yule farasi, na kila mmoja amewakasirikia wengine akidhani wamemficha. Hakuna mnyororo hata mmoja mle. Chakula ni kizuri.

Siri ni kwamba Atlante hamchukii mtu. Amemlea kijana mmoja, Ruggiero, tangu utotoni, na kwa elimu yake ya nyota ameona kwamba kijana huyo akitoka ulimwenguni atauawa kwa hila. Jumba lote ni la kumzuia mtoto asife, na wengine, mashujaa hodari, wamekusanywa ili kijana asije akafa mikononi mwao. Kwanza alimjengea ngome ya chuma mlimani, mpenzi wa kijana, Bradamante, mwanamke mpiganaji, akaivunja. Baadaye mzee akaja na hila hii ya jumba. Na Bradamante anaambiwa mapema, na mtu anayemwamini, kwamba atakayemwona akipiga kelele za kuomba msaada si Ruggiero, ni mchawi mwenyewe aliyevaa sura yake, amchome. Anafika, anamwona, mkono unakataa. Anaingia naye. Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikaenda kuteka maji, nilikuwa nimekasirika.

Sasa riwaya yako. Umeniletea kurasa mbili za mwovu akicheka. Mtu hacheki peke yake nyumbani kwake kurasa mbili. Niambie anamzuia nani, na kwa nini, hata kama msomaji hatajua mpaka mwisho. Ukishalijua hilo utaona mageti na walinzi wenye macho ya moto hawahitajiki, wapunguze.

La pili, jumba liwe na kanuni na wewe mwandishi uitii. Kwa Ariosto kuna jiwe kizingitini, na chini yake pamefungwa nguvu ya uchawi wote. Anayelivunja jumba ni Astolfo, aliyeingia akifukuza farasi wake aliyeibwa. Ana kitabu alichopewa safarini, anatafuta humo, anasoma habari ya lile jiwe, anainama kulinyanyua. Mchawi naye hakai tu: anambadilisha sura, kila shujaa mle amwone kuwa ndiye adui anayemtafuta, wote wakamrukia. Inabidi apulize baragumu lake la kutisha, watu wakimbie hadi mchawi mwenyewe, ndipo jiwe lichomoke na jumba liyeyuke kama ukungu. Wewe kwenye sura ya nne umemtoa shujaa kwa ndoto. Ndoto haikubaliki. Tafuta jiwe lako, lipitishe mbele ya msomaji mapema, sura ya kwanza ikiwezekana, na asilitilie maanani.

La mwisho, wasafiri wako wote wanafungwa katika hadithi za wafalme na majoka. Dereva wa daladala wa Likoni anatamani joka? Mfungie ndani ya siku ambayo feri haikuchelewa na hakuna aliyemdai. Yule mama muuza viazi karai umemwandika vizuri, hasa pale anapohesabu chenji mara tatu kwa sababu mtoto anayemnunulia anafanana na wake. Huyo hahitaji jitu la kumvuta, mtoto akigeuka tu na kuingia mlangoni ataingia naye.

Andika upya sura ya kwanza na ya nne, uzilete kwa mkono wa kusomeka. Picha za simu zilizopigwa usiku sisomi.